Kalvari ya Katanga: Historia ya Kongo juu ya Magunia ya Unga

Mwishoni mwa mwaka 1973 kijana wa miaka 26 alipiga hodi nyumbani kwa mwalimu mmoja wa chuo kikuu mjini Lubumbashi, amebeba picha za kuuza. Halikuwa jambo geni. Wachoraji wa mji ule walizunguka hivyo siku zote, nyumba kwa nyumba na baa kwa baa, wakitafuta mteja kabla jua halijazama. Kijana huyo aliitwa Tshibumba Kanda Matulu. Mwenye nyumba alikuwa Johannes Fabian, mwanaanthropolojia Mjerumani aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Fabian alikuwa amewahi kuishi Katanga, jimbo la mji huo, katika miaka ya 1960, akichunguza Jamaa, kundi la Wakatoliki lililozaliwa miongoni mwa wafanyakazi wa migodi ya Kolwezi chini ya padri Placide Tempels. Kiswahili chake alikipata huko, kwa wachimba shaba na wake zao. Kwa hiyo muuzaji na mnunuzi walikaa wakazungumza bila mkalimani, na mazungumzo hayo yaliendelea, kwa vipindi, hadi mwaka uliofuata.

Kilichotoka humo ni picha zaidi ya 100 zinazosimulia historia nzima ya Kongo, tangu enzi za wafalme wa kale hadi siku zile zenyewe, na mwishoni kabisa mchoraji akathubutu kuchora mambo ambayo yalikuwa bado hayajatokea. Kila alipoleta fungu la picha, Fabian aliwasha kinasa sauti na Tshibumba akaeleza moja baada ya nyingine. Hakujiita msanii tu. Alisema yeye ni mwanahistoria, na alimaanisha hivyo. Nimewasoma wanahistoria wengi wenye shahada ambao hawajawahi kubeba kazi ya ukubwa ule kwa ujasiri ule.

Ili kuona alichokifanya, inafaa kwanza kuutazama mji wenyewe. Katika karne ya 19 eneo hilo lilitawaliwa na Msiri, mwenyeji wa Unyamwezi katika Tanzania ya leo, aliyejijengea dola yake Bunkeya kwa biashara ya shaba, pembe za ndovu, watumwa na bunduki. Misafara ya watu wa pwani ilifika kwake, na Kiswahili kikaja nayo. Lakini Kiswahili cha mijini tunachokisikia Katanga leo kilikua zaidi kwa sababu ya migodi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika na mji wa Élisabethville ukaanzishwa, ndio Lubumbashi ya leo. Wafanyakazi waliletwa kutoka Rhodesia Kaskazini, Kasai, Maniema na hata Rwanda na Burundi. Wabelgiji waliogopa sana ushawishi wa Waingereza waliokuwa ng'ambo ya mpaka, na lugha moja ya kazini isiyotoka Rhodesia iliwafaa. Ndani ya kizazi kimoja, mtoto aliyezaliwa kambini na baba wa Kasai na mama wa Maniema alikuwa na Kiswahili kama lugha ya mtaani kwake, kikiwa kimekolezwa Kiluba na Kifaransa.

Mji wa namna hiyo hauna kitu cha asili moja. Jumapili watu walikwenda misa kwa mapadri Wabenedikto, jioni wakasikiliza magitaa ya rumba, na mgonjwa alipozidiwa wakarudi kwa mganga. Picha za ukutani zilikuwa hivyohivyo: kalenda ya duka la Mgiriki, Moyo Mtakatifu wa Yesu, picha ya arusi, na karatasi iliyokatwa gazetini.

Wazungu waliojali sanaa hawakuupenda mchanganyiko huo. Mwaka 1926 ofisa wa Kibelgiji, Georges Thiry, alikuwa ameziona nyumba zilizochorwa kuta huko Bukama, kando ya Lualaba, akampa mchoraji Albert Lubaki karatasi na rangi za maji. Kazi za Lubaki zilionyeshwa Ulaya, zikasifiwa, kisha zikasahaulika. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua chuo cha uchoraji Élisabethville, kilichojulikana kama Hangar. Hapo walijitokeza Pilipili Mulongoy na ndege na samaki wake, Bela Sara aliyechora kwa ncha za vidole, na Mwenze Kibwanga mwenye mistari mifupi iliyosukana kama mkeka. Ni kazi nzuri mno. Sitamsikiliza mtu atakayezibeza. Ila mwalimu wao aliamini kwamba Mwafrika atachora vizuri akilindwa dhidi ya mambo ya Ulaya. Matokeo yake ni kwamba katikati ya mji uliojaa treni, matanuri ya shaba na moshi wa kiwanda, wanafunzi walichora mbuga, ndege na nyoka. Mgodi uliowalisha watu wote wa mji ule haukuwamo.

Maisha ya mgodi yaliingia pichani pale wachoraji walipoanza kuchora bila mwalimu. Kuanzia miaka ya 1960, na hasa mwanzoni mwa miaka ya 1970, shaba ilipokuwa na bei nzuri na mshahara ukatosha kununua kitu kisichokuwa chakula, familia za wafanyakazi, makarani na wachuuzi walianza kutaka picha za kutundika sebuleni. Vijana kama Burozi, Kabuika, Louis Kalema na Tshibumba mwenyewe waliwachorea. Walifumua magunia ya unga, wakatandaza kitambaa kwenye fremu ya mbao, wakapaka nyeupe, kisha wakachora kwa rangi yoyote iliyopatikana dukani. Bei ilikuwa ndogo, na mchoraji aliishi kwa kurudia mada ileile mara kadhaa. Wateja walitaka ukumbusho, yaani picha itakayomfanya mgeni akiketi aulize, na mwenye nyumba aanze kusimulia.

Mada zenyewe hazikuwa nyingi. Iliyopendwa sana iliitwa "Colonie belge". Ni ua wa gereza, bendera inapepea, askari Mwafrika anamchapa kiboko mfungwa aliyelala kifudifudi, na Mbelgiji mwenye kofia nyeupe amesimama akitazama. Pembeni kuna wanawake waliomletea ndugu yao chakula, wanalia. Nadhani nguvu ya picha hii ni pale alipo yule askari: anayeshika kiboko ni mtu wetu. Miaka ya utawala wa rais Mobutu, mtazamaji hakuhitaji kuelezwa kwamba ua ule haukufungwa siku Wabelgiji walipoondoka. Mchoraji aliandika tu "Colonie belge 1885-1959" juu yake, na hakuna polisi aliyeweza kumkamata kwa kuwashutumu wakoloni.

Nyingine ilikuwa mambamuntu, mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki, nywele ndefu, ngozi nyeupe, mara nyingi amevaa saa ya mkononi na nyoka amejiviringisha karibu naye. Watu walisimulia kwamba anayeupata unywele wake atatajirika, lakini atalipa kwa kuificha siri na kuishi chini ya masharti magumu. Ndugu zake wapo pwani yote ya magharibi ya Afrika, anakoitwa Mami Wata, na sura yao inatokana kwa sehemu kubwa na picha ya mwanamke mcheza nyoka iliyochapishwa Hamburg, Ujerumani, katika miaka ya 1880, ikachapwa tena Bombay mwaka 1955 na kusambazwa na wafanyabiashara. Fikiria safari hiyo: bango la sarakasi la Ujerumani, kiwanda cha uchapaji cha India, mizimu ya mito ya Afrika, na sebule ya mfanyakazi wa mgodi anayejiuliza jirani yake amepata wapi fedha za pikipiki.

Tshibumba alizichora mada hizo zote kwa sababu ndizo zilizouzika. Lakini mbele ya Fabian alipata nafasi ambayo soko lilikuwa halijampa. Angeweza kuzipanga picha moja baada ya nyingine, na kuchora matukio ambayo hakuna karani angeyatundika juu ya kochi. Wakati huo hakuwa na kitabu cha historia ya nchi yake kilichoandikwa na watu wa namna yake. Alikuwa na vitabu vya shule, magazeti, redio, mahubiri, na maneno ya wazee. Akavichanganya vyote.

Alimchora Msiri, aliyepigwa risasi na kapteni Omer Bodson tarehe 20 Desemba 1891, wakati wa msafara wa kikoloni wa Stairs ulioanzia Bagamoyo. Alimchora Simon Kimbangu, mhubiri wa Nkamba aliyekamatwa mwaka 1921, akahukumiwa kifo, kisha adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Katika vitabu vingi Kimbangu ni habari ya Kongo ya Chini. Kwa mtu wa Lubumbashi ni habari ya nyumbani, maana miaka 30 ya kifungo aliimalizia katika gereza la Élisabethville, na humo ndimo alimofia tarehe 12 Oktoba 1951.

Kisha kuna mgomo wa Desemba 1941. Ubelgiji ilikuwa imekaliwa na Wajerumani, majeshi ya washirika yalihitaji shaba kwa pupa, bei za vitu zilikuwa zimepanda na mishahara ya Waafrika ilikuwa palepale. Wafanyakazi wa Union Minière waligoma. Tarehe 9 walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Élisabethville, na askari wakafyatua risasi kwenye umati. Serikali ilihesabu waliokufa kwa makumi. Mjini watu walihesabu zaidi. Aliyeongoza mazungumzo, Léonard Mpoyi, aliuawa, na wazee walisimulia kwamba gavana Amour Maron alimpiga risasi kwa mkono wake. Tshibumba alikuwa hajazaliwa. Hata hivyo aliwachora wafanyakazi wale kuwa mashahidi, kwa maana ileile ya kanisani ya mashahidi waliomwaga damu. Hapo, kwa mtazamo wangu, ndipo dini inapoingia katika historia yake kwa uzito wote. Hakuitumia kama pambo. Alikuwa na swali, watu hawa walikufa kwa ajili ya nini, na lugha pekee aliyoipata ya kulijibu ilikuwa ile aliyoisikia Ijumaa Kuu.

Swali hilo lilimfikisha kwa Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru. Tshibumba alimchora mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote: akihutubia tarehe 30 Juni 1960 na mfalme Baudouin pembeni, akikamatwa, akifungwa kamba, akishushwa Katanga. Usiku wa tarehe 17 Januari 1961 Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walipigwa risasi porini, si mbali na Élisabethville, mbele ya viongozi wa Katanga, iliyokuwa imejitenga na Kongo, pamoja na maofisa wa Kibelgiji. Polisi wa Kibelgiji wakaikatakata na kuiyeyusha miili kwa tindikali. Mwezi mmoja baadaye redio ikatangaza kwamba wanakijiji ndio waliowaua. Hapakuwa na kaburi wala picha. Mtu aliyekuwa waziri mkuu alifutwa hata mifupa.

Tshibumba, aliyekuwa mtoto wa miaka 13 katika mji uleule, tena wa familia yenye asili ya Kasai wakati Waluba walipokuwa wakiwindwa na kusongamana kwa maelfu katika kambi ya Umoja wa Mataifa, aliurudisha mwili huo kwa brashi. Katika picha aliyoiita kifo cha kihistoria cha Lumumba, Mpolo na Okito, maiti tatu zimelala chini. Nyuma yao kuna misalaba mitatu. Juu zinang'aa nyota sita, na damu inayotoka ubavuni mwa Lumumba inaandika ardhini neno "Unité", umoja. Alimweleza Fabian waziwazi kwamba yeye anamwona Lumumba kama Bwana Yesu wa Zaire. Mkristo yeyote wa Katanga angeisoma picha hiyo bila msaada: watu watatu, misalaba mitatu, ubavu uliochomwa, na kifo cha mmoja kwa ajili ya wengi. Hata hivyo hakuna kitabu cha dini chenye nyota sita za majimbo sita, wala Masihi aliyekufa kwa sababu ya madini.

Picha hiyo haikuwa salama kama inavyoonekana. Mobutu mwenyewe alimtangaza Lumumba shujaa wa taifa mwaka 1966, ingawa alikuwa na mkono katika kuanguka kwake. Hivyo kumchora Lumumba kuliruhusiwa. Lakini hapohapo kiti cha Masihi kilikuwa kinagombewa. Mwaka 1971 nchi ilipewa jina la Zaire na jimbo la Katanga likawa Shaba. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalipigwa marufuku, na kila Joseph akatafuta jina la babu yake. Mwaka 1974 Krismasi ilifanywa siku ya kazi. Waziri Engulu alimtangaza Mobutu kuwa nabii aliyetumwa na Mungu. Taarifa ya habari ya televisheni ilifunguliwa kwa uso wa rais ukishuka kutoka mawinguni. Sera yote hiyo iliitwa kurudia uhalisi, yaani usafi wa Kiafrika, na wakati inatekelezwa kwa amri, fundi mmoja wa Lubumbashi alikaa na gunia lake la unga akamweka mtu mwingine msalabani, aliyekufa, asiye na polisi wala sanduku la fedha.

Yule mwalimu wa Hangar alitaka Mwafrika asiyeguswa na Ulaya. Mobutu alitaka Mzaire asiye na jina la ubatizo. Tshibumba alijua kwamba watu aliowachora hawakuwa hivyo, wala mama zao, wala yeye mwenyewe. Mchanganyiko katika picha zake ni ushahidi wa namna watu walivyoishi.

Si haki kulificha jukumu la Fabian. Alinunua, aliuliza, aliagiza, na bila fedha yake mfululizo ule usingekuwapo. Baadhi ya picha zilichorwa kwa sababu kulikuwa na Mzungu mmoja aliyetaka kusikia. Zipo pia tarehe za Tshibumba zisizolingana na nyaraka, na watu aliowakutanisha ambao hawakuwahi kukutana. Fabian hakuzisahihisha. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1996 aliziweka picha, kisha maneno ya mchoraji, kisha maelezo yake kando, na akamchukulia kama mwenzake katika kazi ya historia. Ninamheshimu kwa hilo. Msomi mdogo zaidi angemgeuza Tshibumba kuwa mfano wa kitu fulani.

Fabian aliondoka Lubumbashi mwishoni mwa 1974. Mwaka huohuo bei ya shaba ilianza kuporomoka, na biashara zilizotaifishwa mwishoni mwa 1973 zilikuwa zinakufa mikononi mwa wakubwa wa chama. Mwaka 1977 na 1978 vita viliingia Shaba, Kolwezi ikaona mauaji. Mfanyakazi ambaye mshahara wake haukutosha unga hakununua tena picha. Wachoraji walitawanyika, mmoja mmoja. Tshibumba aliendelea kwa muda katika miji ya shaba, lakini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakuna aliyesikia habari zake.

Umaarufu ulikwenda Kinshasa. Huko Chéri Samba alifungua karakana yake mwaka 1975, na yeye, Moké na Bodo wakawa na wateja wa balozini na baadaye wa Ulaya. Samba alialikwa kwenye maonyesho ya "Magiciens de la terre" mjini Paris mwaka 1989 na jina lake likaenea duniani. Anastahili. Ila Samba alijua anachorea dunia. Wa Lubumbashi walichorea sebule za jirani zao, na jirani hao walipofilisika, sanaa yao ilikatika.

Mtu wa Lubumbashi aliyeushika uzi huo ni Sammy Baloji, aliyezaliwa huko mwaka 1978. Katika mfululizo wake "Mémoire" wa mwaka 2006 alikata picha za zamani za wachimba shaba, wengine na minyororo shingoni, akazibandika juu ya picha alizopiga mwenyewe za magofu ya Gécamines, kampuni iliyorithi Union Minière. Njia ni nyingine, kamera na kompyuta, ila kazi ni ileile ya kuwarudisha wafu mahali walipofutwa. Yeye na wenzake walianzisha kituo cha Picha, na tangu 2008 Lubumbashi ina tamasha lake la sanaa.

Hata Lumumba alirudishwa, kwa kipande kidogo: mwaka 2022 Ubelgiji iliirudishia familia yake jino moja, masalia pekee, ambalo polisi aliyeuyeyusha mwili alikuwa amelitunza kwake. Lilizikwa Kinshasa tarehe 30 Juni mwaka huo.

Picha za Tshibumba alizozinunua Fabian ziliingia katika jumba la makumbusho la Tropenmuseum, Amsterdam, mwaka 2000. Mazungumzo yao yamenakiliwa kwa Kiswahili cha Shaba, pamoja na kumbukumbu ya mwaka 1965 ambamo André Yav, aliyekuwa boi wa Wazungu, alisimulia historia ya Élisabethville kwa niaba ya watumishi wenzake wa zamani, kwa Kiswahili pia. Maandishi hayo mawili ni miongoni mwa kazi kubwa za historia zilizowahi kusimuliwa kwa lugha yetu na watu wa kawaida. Wanaoyafundisha wengi wao wako Ulaya na Marekani. Mwalimu wa historia wa Tabora, ambaye Msiri ni mtu wa kwao, au wa Mombasa au Bujumbura, hajapewa nakala ya kuwasomea wanafunzi wake. Maandishi hayo yachapishwe Dar es Salaam, Nairobi na Lubumbashi, na picha zikiwamo, na maneno ya Tshibumba yaachwe kama alivyoyasema, na Kifaransa chake ndani.